Bahari ya sebuleni London na somo la chumvi kutoka Tanga

Tulifika nyumbani kwa kaka yangu, kusini mashariki mwa London, saa kumi na moja jioni ya Jumamosi moja mwezi Novemba. Giza lilikuwa limeshaingia. Mama, ambaye hajawahi kuishi mahali jua linapozama saa kumi, aliniuliza ndani ya teksi kama saa yangu ilikuwa imeharibika.

Mtaa mzima nyumba zimeshikana, na madirisha yote yalikuwa na mwanga wa njano. Dirisha moja tu lilikuwa la buluu. Kaka akacheka. "Ndiyo hapo. Ile ni bahari ya mwanao."

Mwanangu huyo ni mtoto wake wa kwanza, ana miaka 11. Alitufungulia mlango, akampa bibi yake shikamoo, akanipa na mimi, kisha kabla hatujavua makoti akatoa onyo: "Bibi, Shangazi, tafadhali msiguse kioo. Limekasirika."

Sebuleni kulikuwa na tangi la kioo la lita 100. Ndani yake mawe, mchanga mweupe, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na matumbawe laini manne. Matatu yalikuwa yanapepea kama nyasi kwenye upepo. La nne, lenye umbo la uyoga mnene, lilikuwa limejikunja, limefifia, na juu yake kuna utando kama nta. Hilo ndilo lililokuwa "limekasirika," siku ya sita sasa.

Wifi yangu alinivuta jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu wahamie mtaa huo na mtoto abadilishe shule, amekuwa hazungumzi sana. Tangi hilo, walilolinunua likiwa limetumika, ndilo lililomfungua mdomo. Anasoma kuhusu matumbawe, anaandika vipimo kwenye daftari, anawaeleza wageni. "Sasa hilo jiwe likifa," wifi alisema, "sijui na yeye atarudi wapi."

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Nimeshazoea kuulizwa na wazazi kuhusu homa, minyoo na chanjo. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuombwa nimwangalie mgonjwa asiye na damu.

Mawe tuliyochomea chokaa

Mama alikaa mbele ya tangi akiwa amejifunika khanga juu ya sweta, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Haya si mawe tuliyokuwa tukichomea chokaa? Leo mnayalipia fedha?"

Hakuwa anatania. Kwetu Tanga, kama ilivyo pwani yote, matumbawe yalikuwa ni vifaa vya ujenzi. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mama anakumbuka tanuri za chokaa: magogo yanapangwa, matumbawe yanapangwa juu, moto unawaka usiku kucha. Mimi nakumbuka kitu kingine. Nakumbuka mlio wa baruti baharini asubuhi, na wavuvi wazee wakitikisa vichwa. Baruti moja inaua samaki wa dakika moja na kubomoa nyumba ya samaki wa miaka mingi.

Lakini tumbawe si jiwe. Ni mnyama, au tuseme ni mtaa wa wanyama wadogo wengi, kila mmoja akiwa na mdomo uliozungukwa na vimikono. Matumbawe magumu hujijengea mifupa ya chokaa. Hayo ndiyo yaliyoingia kwenye tanuri. Matumbawe laini hayana mfupa huo mkubwa. Yana vichembe vidogo vya chokaa ndani ya nyama yake, na ukiangalia kimdomo kimoja kwa karibu utahesabu vimikono vinane. Mtoto wa kaka alimpa bibi yake kioo cha kukuzia, akamwambia ahesabu. Mama alihesabu kwa sauti, moja mpaka nane, akarudia.

Ndani ya nyama ya matumbawe mengi wanaishi wapangaji: mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenye nyumba. Ndiyo maana taa ya tangi ni ya buluu na kali kuliko taa ya kawaida, na ndiyo maana maji yakipata joto kupita kiasi tumbawe huwafukuza wapangaji wake, likageuka jeupe. Mwaka 1998 jambo hilo lilitokea katika pwani yetu ya Afrika Mashariki kwa kiwango kikubwa, na maeneo mengi ya matumbawe yalikufa.

Tangi jipya ni kama mtoto mchanga

Kesho yake kijana alinifungulia daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na neno moja kubwa: SUBIRI.

Alinieleza kwamba tangi jipya haliwekwi matumbawe siku ya kwanza. Samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Inabidi bakteria wazuri waote kwenye mawe na mchanga. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si hatari sana. Kazi hiyo huchukua wiki nne mpaka sita, wakati mwingine zaidi. Kaka alikiri kwamba wiki ya pili alitaka kununua matumbawe, mtoto akamkatalia.

Baada ya hapo huja msimu wa uchafu: utando wa kahawia unafunika mchanga, halafu mwani wa kijani. Wazazi wengi hukata tamaa hapo, wakamwaga kila kitu. Kumbe ni hatua ya kawaida, kama mtoto anayeota meno.

Matumbawe laini ndiyo wanayoshauriwa wanaoanza, kwa sababu yanavumilia makosa madogo. Hayahitaji mwanga mkali sana wala maji safi kupita kiasi; maji yasiyo na chembe ya virutubisho huyafanya yanyong'onyee. Yanachohitaji zaidi ni utulivu wa mazingira. Joto la nyuzi 24 mpaka 26, bila kupanda na kushuka. Mkondo wa maji unaobadilika badilika, ili uchafu usitue juu yake. Kubadilisha takriban sehemu moja ya kumi ya maji kila wiki. Na chumvi iwe kama ya bahari, karibu gramu 35 kwa lita moja.

"Na yasibanwe," kijana aliongeza. Matumbawe laini hupigana kimyakimya. Hayana meno wala kucha. Hutoa kemikali majini za kumdhoofisha jirani. Baharini kemikali hizo huchukuliwa na maji mengi. Ndani ya lita 100 hubaki humo humo. Kwa hiyo huachiwa nafasi, na kwenye chujio huwekwa mkaa maalumu unaonyonya kemikali hizo.

Nilimuuliza kuhusu mgonjwa wetu. Akasema tumbawe la aina hiyo, ambalo wafugaji wa Uingereza hulifananisha na ngozi, huwa na tabia ya kujikunja siku kadhaa, likajifunika utando kama nta, kisha likauvua kama nyoka anavyovua gamba. Likishavua hufunguka upya, safi. "Lakini hili halivui," alisema. "Na la pembeni limeanza kusinyaa pia. Kuna kitu, Shangazi. Sikijui."

Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka.

Mjini kwa matumbawe yaliyozaliwa London

Ili kumtoa nje, tulipanda treni mpaka Forest Hill, tukatembea kupanda mlima hadi Jumba la Makumbusho la Horniman. Lilifunguliwa mwaka 1901 na Frederick Horniman, mfanyabiashara wa majani ya chai, akawapa watu wa London. Lina bustani kubwa mlimani, na siku isiyo na ukungu unaona majengo marefu ya katikati ya jiji yakiwa madogo kama viberiti.

Chini kuna matangi ya samaki. Hapo ndipo kijana alipokuwa anatupeleka. Wataalamu wa mahali hapo, wakiongozwa na Jamie Craggs, walifanya jambo lililokuwa limeshindikana: waliyafanya matumbawe yatage mayai ndani ya matangi kwa wakati uliopangwa. Baharini matumbawe mengi hutaga kwa pamoja usiku fulani wa mwaka, yakifuata majira ya joto, urefu wa mchana na mwezi. Walichofanya ni kuyaigizia yote hayo ndani ya nyumba: jua la bandia, mwezi wa bandia, majira ya joto na baridi ya bandia. Mwaka 2013 wakafaulu. Leo maarifa hayo yanasaidia wanaojaribu kurudisha matumbawe baharini.

Mama alisikiliza maelezo hayo kupitia kwangu, nikitafsiri. Akasema, "Kwa hiyo wameyadanganya kwamba wako kwao." Mjukuu wake akamjibu kwa Kiswahili chake cha kukatika, "Ndiyo, Bibi. Ukidanganya, udanganye kila siku sawasawa. Ukikosea kidogo, linajua."

Chumvi haiondoki

Jibu lilipatikana jioni hiyo, na hakulitoa mtaalamu wa Horniman wala mimi.

Mama alimwona mjukuu wake akimimina maji kwenye tangi kwa jagi. Akamuuliza ni maji gani. Kijana akasema ni maji ya chumvi aliyoyachanganya mwenyewe, kwa sababu kila siku maji hupungua karibu lita moja. Kabla ya hapo baba yake ndiye aliyekuwa akiongeza, lakini siku kumi zilizopita zamu zake za kazi zilibadilika, naye akamwachia mwanawe. "Bahari ina chumvi," kijana alisema, "ndiyo maana naongeza maji ya chumvi."

Mama akamshika mkono. Baba yake mama, babu yetu, alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Tanga. "Mume wangu," alimwambia, maana ndivyo anavyomwita mjukuu wake tangu alipozaliwa, "pale shambani tulikuwa tunaingiza maji ya bahari kwenye majaruba, tunaliacha jua. Maji yanaondoka. Chumvi haiondoki. Ndivyo tulivyopata chumvi."

Nilimwona kijana akifikiri. Kisha akaweka jagi chini polepole, kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

Maji yanayopungua kwenye tangi huenda hewani yakiwa maji matupu. Nyumba za London mwezi Novemba huwashwa mitambo ya kupasha joto, hewa ikawa kavu, na maji yakaondoka kwa kasi zaidi. Kila lita ya maji ya chumvi aliyoongeza ilikuwa inaleta chumvi mpya juu ya ile iliyobaki. Kipimo chake cha plastiki chenye mshale hakikumwonyesha tatizo. Mapovu madogo yanayoganda kwenye mshale huweza kupotosha kipimo cha aina hiyo. Kesho yake tulipeleka maji kwenye duka la samaki, wakayapima kwa chombo bora. Chumvi ilikuwa imefika karibu gramu 38 na nusu kwa lita.

Hatukuishusha kwa siku moja. Kinachoumiza matumbawe ni kosa, na kinachoyaua mara nyingi ni haraka ya kulirekebisha. Kwa siku nne mfululizo kijana alitoa lita mbili na nusu za maji ya tangi, akarudisha kiasi hicho hicho cha maji matupu yaliyochujwa, ya joto lile lile, kidogo kidogo. Maji yaliyopungua kwa mvuke nayo aliyajazia maji matupu. Si ya bomba, kwa sababu ya dawa na madini yaliyomo. Alama kwenye kioo, aliyoichora kwa kalamu ya wino mzito, ndiyo inayomwambia sasa maji yafike wapi.

Sufuria jikoni

Mzazi mwenzangu, sehemu hii isome mara mbili.

Jumatano asubuhi nilisikia sufuria jikoni nikajua Mama ameamka. Nilipoingia nilimkuta anahangaika na jiko, hajui linavyowashwa. Ndani ya sufuria kulikuwa na maji, na ndani ya maji kulikuwa na jiwe.

Jiwe hilo lilikuja na tangi lililotumika. Limejaa vidude vya kahawia kama vifungo vya shati, vilivyokuwa vinaenea na kuyabana matumbawe mengine. Kaka alikuwa amelitoa akaliweka kwenye ndoo, akisubiri siku ya mapumziko. Mama aliona uchafu. Na sisi tumelelewa kwamba uchafu unaisha kwa kuchemsha: maji, maziwa, chupa ya mtoto. Alitaka kumsaidia mjukuu wake.

Nilimwomba asiwashe. Nadhani nilipaza sauti, maana wifi alitoka bafuni mbio.

Baadhi ya vifungo hivyo, ambavyo ni jamaa wa matumbawe, vina sumu iitwayo palitoksini. Ni mojawapo ya sumu kali zinazotokana na viumbe wa baharini. Wanasayansi Richard Moore na Paul Scheuer waliitenga Hawaii mwaka 1971. Kuchemsha hakuiondoi, mvuke huibeba mpaka kwenye mapafu. Mwaka 2018, katika kijiji cha Steventon, Oxfordshire, hapo hapo Uingereza, familia ililazwa hospitali baada ya sumu hiyo kutoka wakati wa kusafisha tangi la nyumbani. Na waliokuja kuwaokoa nao walihitaji uangalizi wa madaktari. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo kazini. Nisingeisoma, siku hiyo ningeketi kunywa chai huku jiwe linachemka.

Si kila kifungo kina sumu, lakini kwa macho huwezi kujua kipi kinayo. Kwa hiyo kanuni ni moja kwa vyote. Usichemshe jiwe la tangi. Usilisugue likiwa kavu, usilimwagie maji ya moto, usilipige kwa maji ya mpira yenye nguvu. Ukilishika vaa glavu na miwani ya kukinga macho, hasa kama una kidonda mkononi, na liwe ndani ya maji. Mtoto asilishike kabisa. Mtu akipata ladha chungu au ya chuma mdomoni, kikohozi, kifua kubana, homa, maumivu ya misuli au macho kuwaka baada ya kushughulikia tangi, wote watoke nje na kupiga simu ya dharura, na wamweleze daktari wazi kwamba kuna matumbawe nyumbani. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo mwilini; hospitali humsaidia mgonjwa mpaka mwili ushinde.

Kaka alilirudisha jiwe kwenye ndoo ya maji ya bahari yenye kifuniko, akiwa na glavu na miwani, akalipeleka duka la samaki, wakalipokea. Sufuria ilifungwa kwenye mifuko miwili ikatupwa. Mama alinyamaza mpaka mchana. Mjukuu wake ndiye aliyekwenda kukaa karibu naye. "Bibi," alimwambia, "mimi niliweka chumvi, wewe ukaweka sufuria. Tuko sawa."

Kabla hujamnunulia mtoto

Niliporudi Dar es Salaam, wenzangu wawili kazini waliniuliza kama wanaweza kuwawekea watoto wao tangi la aina hiyo. Niliwaambia niliyoyaona.

Hesabu gharama ya umeme na ya muda kabla ya gharama ya samaki. Pampu na hita haviruhusiwi kupumzika, na umeme ukikatika saa nyingi tangi linakosa hewa. Nyaya ziache zining'inie chini ya soketi kabla hazijapanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Usitie dawa yoyote ya samaki yenye shaba; shaba huua matumbawe.

Na usimtume mtoto kuvunja tumbawe Mbudya au Bongoyo. Hizo ni hifadhi. Waliofuga vizuri hununua vipande vilivyokuzwa na wafugaji wengine, vikagandishwa juu ya jiwe. Sisi wa pwani tuna bahati ambayo yule kijana wa London hana: tunaweza kumpeleka mtoto kuyaona matumbawe yakiwa kwao. Chumbe, kule Zanzibar, yamelindwa tangu mwaka 1994, na watoto wa shule hupelekwa kuyaona. Mfundishe mwanao asikanyage, asing'oe, atazame tu. Haitaki umeme.

Lakini kama una mtoto aliyenyamaza, na ukaona kitu kimoja kinachomfanya aongee, kiwe tangi, kuku au mche wa mchicha, kaa naye karibu na kitu hicho. Usimwachie jagi halafu ukaenda zamu. Siku kumi zilitosha kuharibu kazi ya wiki kumi, na hakuna aliyekuwa mzembe.

Tumbawe lilivua utando wake usiku wa kuamkia siku yetu ya kuondoka. Asubuhi ulikuwa unaelea majini kama karatasi iliyolowa, na chini yake uyoga umefunguka, vimidomo vyote vimetoka. Kijana hakupiga kelele. Alimwamsha bibi yake, wakakaa kwenye kapeti mbele ya kioo, koti la shule akiwa ameshalivaa.

Sasa Mama yuko Tanga. Kila Ijumaa baada ya swala humpigia simu. Salamu huja baadaye. Kwanza huuliza: "Mume wangu, maji yako kwenye alama?"